Supu ya Kuku ya Mama

Thika, 3 Machi 1957

Kaka Tobias,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, watoto wamepona kikohozi. Natumaini nawe u mzima huko Ruiru kwenye kahawa.

Habari za Mama si nzuri. Bado amelazwa hospitali hapa Thika; daktari amesema ni kansa ya tumbo, na kwa umri wake hawezi kupasuliwa. Mama anataka kurudi Kimilili, karibu na kaburi la Baba. Ataruhusiwa kupanda treni akipata nguvu, lakini hataki kula. Sista Magdalene, muuguzi wa wodi yake, ameagiza supu ya kuku kila siku. Nilimweleza kwamba kwetu wanawake wa umri wake hupika kuku bila kuonja. Mama alifunika bakuli kwa leso, akaniambia, "Baba yenu akiwa hai sikumla kuku. Nimle sasa kwa kuwa hanioni?"

Dada yako,
Nelima

Ruiru, 10 Machi 1957

Dada Nelima,

Mimi mzima, jua tu ni kali. Nilipoisoma barua yako ilikuwa kama namsikia Mama. Unakumbuka Krismasi, akinyonyoa kuku nyuma ya nyumba, manyoya yamemjaa kichwani, na Baba akisema kumbe alioa kanga? Mwaka mmoja tu tangu tumzike.

Lakini lazima ale. Mwambie ni supu ya ng'ombe.

Kaka yako,
Tobias

Thika, 19 Machi 1957

Kaka Tobias,

Watoto hawajambo. Mimi naandika kwa aibu. Nilifanya ulivyosema. Mama alinusa mara moja tu. Amepika kuku maisha yake yote, nasi tukadhani hataijua harufu yake. Hakunigombeza, ila sasa hata uji hapokei mkononi mwangu. Sista anasema akiendelea hivi hatafika hata stesheni. Njoo wewe mwenyewe.

Dada yako,
Nelima

Ruiru, 2 Aprili 1957

Dada Nelima,

Nilifika salama, asanteni kwa kunilaza. Nikueleze yaliyotokea wodini ulipokuwa umekwenda kwa watoto.

Nilimwambia Mama kwamba uongo ule ulikuwa wangu. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijaonja kitu tangu asubuhi. Bakuli la supu lilikuwa pale, akalisogeza kwangu. "Kula, isipotee." Alinitazama nikila, akasema natafuna upande mmoja kama Baba. Nilipofika kwenye mifupa, alinyoosha mkono akachukua uji wako uliokwisha poa, akaunywa wote.

Hapo nikaona kosa letu. Nyumbani, lini Mama alikula kabla ya sisi kushiba? Na sisi tunamletea chakula tukisimama kumtazama. Wewe kula ile supu mbele yake kila siku, na uji wake utie maziwa na njugu. Kuku wa Jumapili niachie mimi, nitakuja kumla mbele yake.

Kaka yako,
Tobias

Kimilili, 12 Mei 1957

Kaka Tobias,

Salamu za nyumbani. Tulifika juzi. Mama alitembea mwenyewe kutoka barabarani hadi kaburini, akakaa huko mpaka jua likapoa.

Sista Magdalene alipotuaga alisema ile supu ya kuku imemsaidia sana. Nilimshukuru, nikatazama chini.

Maumivu bado yapo, na Mama anajua siku zilizobaki si nyingi. Lakini leo asubuhi amenituma nimfunike jogoo mwekundu kwa tenga. Anauliza utakuja lini.

Usile njiani.

Dada yako,
Nelima