Bwawa la Bahi Ndani ya Beseni

Jumanne. Upepo wa kiangazi umevuma tangu alfajiri, vumbi limejaa hadi kwenye shuka, na kwa baridi hii nimevaa koti kitandani.

Kuna jambo nimewaficha ninyi mnaosoma blogu hii. Picha zote za jua nilizoweka tangu masika yaishe nimezipiga ndani ya chumba changu cha kulala.

Sikufika Bahi. Sikupanda vilima vya Kibakwe. Mlali nilipita mara ya mwisho nikiwa bado mkaguzi wa shule, naendesha gari mwenyewe.

Dirisha langu linatazama mashariki. Jua likichomoza linakuja moja kwa moja mpaka kitandani, na mimi huwa macho zamani. Naegemeza kamera kwenye mto kwa sababu mikono inatetemeka. Nabana tundu la lenzi mpaka mwisho ili jua lichanue miale kama nyota, kisha napunguza mwanga ili kila kilicho mbele kibaki kivuli cheusi. Kivuli hakisemi kiko wapi.

Vile vilima vya Kibakwe ni magoti yangu chini ya blanketi. Shamba la mtama la Mlali ni ufagio uliogeuzwa juu chini. Lile jua jekundu mlilolisifu sana, mkaliita machweo, lilikuwa jua la asubuhi lililopita kwenye ganda la zabibu nililolishika kwa vidole.

Na bwawa la Bahi ni beseni la maji.

Msomaji mmoja aliandika chini ya picha ile: "Mzee, hapo ni kwetu kabisa! Upande huo ndiko tulikokuwa tukivua kambale." Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Halafu nikanyong'onyea, maana alionekana amefurahi kweli.

Anayejua ni Mama Ndahani peke yake, jirani anayeniletea uji. Asubuhi moja alinikuta nimeinua chekeche mbele ya dirisha. Baada ya shikamoo akasimama akinitazama.

"Babu, leo unachekecha jua?"

"Nalitoa pumba."

"Haya, ukimaliza nigawie nikasonge ugali. Ila uji kwanza. Hilo jua lako halishibishi, unazidi kukonda."

Alipoondoka, hakuna aliyezungumza tena ndani ya nyumba hii hadi kesho yake.

Uongo huu niliuanza kwa ajili ya mtu mmoja. Binti yangu Tabitha yuko Mwanza, na huisoma blogu hii kabla ya kwenda kazini. Kwenye simu sauti yangu ilikuwa ikinisaliti. Picha hazikunisaliti. Mzee anayezunguka Bahi na Mlali na kamera shingoni hawezi kuwa mgonjwa.

Sikutaka aache kazi na watoto aje kuniuguza. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini pia nilipenda kuonekana mzima, hata kwa watu nisiowafahamu.

Nimefaulu kupita kiasi.

Jana alipiga. "Baba, wewe miguu yako ya chuma! Mama angekuwepo angekufungia mlango."

"Angejaribu."

"Sasa sikia. Nilitaka kuja mwezi huu, ila nikiangalia picha zako naona huna shida yoyote. Acha nije Krismasi na watoto, utupeleke Bahi walione hilo bwawa. Si sawa, baba?"

"Sawa, mama."

Akakata. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa na chumba kimeingia giza lake la mchana. Nilibaki na simu mkononi. Sikumbuki lini nimetamani mtu aje kama nilivyotamani dakika ile, na mimi mwenyewe ndiye niliyemzuia.

Leo mwanga ulikuwa mzuri, vumbi limeufanya wa dhahabu. Sikugusa kamera.

Tabitha, najua utasoma hapa kesho ukinywa chai, kabla hujavaa viatu. Kwenye simu nilishindwa, kwa hiyo naandika. Siwezi tena kusimama bila kushikwa. Daktari alinieleza yote masika yalipokuwa yakiisha, tukiwa wawili tu, nami nikamsihi asimwambie mtu.

Krismasi sitaifikia.