Mistari Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Leo kaja dada wa chuo na fomu. Kila mtu wa soko ataje watano anaowakimbilia akiwa na shida. Anachora: mtu ni nukta, urafiki ni mstari. Baada ya miezi mitatu anarudi, anachora upya, aone nani kaungana na nani, nani kaachana. Mimi huyo, chaja za simu shingoni, nikapita vibanda vyote — nipigieni kura, jamani! Kinyozi kasema ataniandika nikimchekesha. Nikamchekesha. Mama wa nyanya kaniandika ili ninyamaze.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kanionyesha mchoro. Nukta yangu kubwa kuliko zote! Mistari 31. Mwenyekiti wa soko mzima ana tisa. Kompyuta inakisia kwamba mwenye mingi huzidi kuongezewa — Juni nitafika arobaini. Nikampigia mama: mwanao mtu mkubwa! Kacheka mpaka akakohoa.

Jumanne, 3 Juni
Mama kalazwa. Uvimbe tumboni. Oparesheni Jumatatu, ila damu hamna, tulete watu watatu watoe. Mimi nishatoa. Bado wawili. Nikamwambia mama usiwaze, nina thelathini na moja.

Alhamisi, 5 Juni
Kinyozi anaogopa sindano. Na hizo nyembe zako je? Kacheka. Muuza mkaa kadhani natania, akanipiga bega na jina langu la sokoni: Redio, wewe bwana hufai! Mama wa nyanya ana presha, wamemkataa, huyo simlaumu. Mwenyekiti yuko kikaoni. Vibanda vyote nimepita. Kila mmoja kanipa pole.
Nimeuza chaja sita.

Jumamosi, 7 Juni
Mama kauliza, wamefika? Nikasema wamepanga foleni nje. Akasema, basi wape chai, mwanangu, wasikae hivihivi.
Nikatoka nikakaa koridoni.

Jumatatu, 9 Juni
Oparesheni saa nane mchana. Nimekuja sokoni kujaribu mara ya mwisho, nikamkuta dada wa chuo kwenye kiti changu. Karudi. Wengine wote washajaza tangu asubuhi. Anashangaa — kompyuta ilikisia arobaini, mimi nina sifuri. Hakuna hata mmoja aliyenitaja. Kosa liko wapi?
Nikamwambia ukweli. Machi niliomba kura.
Hakunifokea. Bora angefoka. Kaangalia zile karatasi, kazi yake yote ile, akazipanga taratibu kama anakunja nguo za mtu. Nilikuwa nataka kumwomba yeye damu. Baada ya hapo ningemwombaje?
Kanipa fomu mpya. Safari hii kweli tupu, kaka. Nikaandika mama. Akasema hapana, wa sokoni tu. Nikafuta. Kaenda kusubiri kibanda cha pili, atarudi kuichukua. Mistari mitano, yote mitupu.
Simu inaita. Namba ya wodi. Saa tano tu hii, walisema saa nane.
Imekata.
Inaita tena. Ngoja niandike kwanza —