Mkono wa Dalton

Velka, Texas
Jumapili, mwezi wa kumi na moja

Dada Verna mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Marcy. Miili yetu haina neno, isipokuwa goti langu ambalo hulalamika kila baridi inapoingia. Wewe je, kile kikohozi kimekuachia? Na mvua za huko Oregon bado zinawanyima jua? Marcy amekufungia kolache zetu tamu za kuoka, za plamu na za jibini, utazipata kwa posta, na amesema uzile mwenyewe, usimwekee padri.

Umeuliza kwa nini sikupigii simu siku hizi, na kama ni kweli aliyokwambia binamu Dorothy, kwamba watu wa Velka wamenigeuka. Ni kweli. Simu sikupiga kwa sababu kila nikijaribu kuyasema mambo haya naishia kuzungumzia hali ya hewa. Basi yasome.

Wewe hukuupenda kamwe mpira wetu huu wa Kimarekani wa mikononi, hata Baba alipokuwa akituburuta uwanjani kila Ijumaa, kwa hiyo vumilia nikukumbushe. Katika timu kuna kijana mmoja anayepewa mpira kila tunapoanza upya. Yeye ndiye anayeamua ampe nani au aurushe wapi, huku majitu ya upande wa pili yakimjia kumwangusha. Huyo ndiye mrushaji. Akiwa mzuri, mji mzima unalala usingizi. Akiwa mbovu, hata kinyozi hanisalimii.

Dalton Krenek alikuwa mrushaji wangu tangu akiwa na ndevu za kuhesabika. Unamkumbuka, mtoto mkubwa wa Alvin na Rosalie, wale wenye shamba nyuma ya kanisa. Mwaka juzi, msimu kama huu, alitoka kwenye mechi mvua ikinyesha, akajaribu kuvuka kijito kwa gari lake, na maji yakalichukua. Walimpata asubuhi. Maua yako yalifika, Rosalie aliyaweka dirishani mpaka yakawa majani makavu. Ambacho hukukiona ni jinsi mtoto yule alivyokuwa akirusha. Analamba ncha za vidole, anagonga kisigino chini, kisha bega la kulia linashuka kidogo, kama mtu anayetega sikio. Halafu mpira unaondoka, na wewe uliyesimama pembeni unajua umekwisha kufika kabla haujafika. Sijafundisha mwingine wa namna ile.

Sasa huyu mdogo wake, Emmett. Ana miaka kumi na sita, mwembamba, mpole, alikuwa akipiga tarumbeta kwenye bendi ya shule na mpira hakuugusa. Miezi michache baada ya mazishi alikuja ofisini kwangu akasema anataka kurusha. Nilimpeleka uwanjani, nikampa mpira. Akalamba vidole. Akagonga kisigino. Bega la kulia likashuka. Verna, nywele zilinisimama. Mpira wenyewe ulipepesuka hewani kama bata aliyepigwa risasi, ukaanguka karibu na mapipa ya maji. Nilimwambia, sawa, njoo kesho.

Msimu huu nikamfanya mrushaji wetu. Tulikuwa na Nico Rentería, mtoto wa Arturo fundi trekta, ambaye hana maajabu ila mpira wake hufika ulikotumwa. Mwenye macho yeyote aliona nani anafaa. Hata hivyo nilimweka Emmett, tukafungwa, nikamweka tena, tukafungwa tena. Na hili ndilo la kushangaza: hakuna aliyelalamika. Zamani wangeshanitupia taka mlangoni. Safari hii Butch Janda, mwenyekiti wa wafuasi wa timu, alinipiga bega tukiwa kwenye chakula chao cha Jumatatu, mdomo umejaa nyama ya kuchoma, akaniambia, “Mpe muda, Kocha. Damu ni ileile, bwana. Itatoka tu.” Wote wakaitikia kwa vichwa.

Arturo peke yake ndiye aliyekuja kunikabili. Alivua kofia, akasema hasemi kwa ajili ya mwanawe tu. “Yule mtoto anaumia, Kocha. Kila wiki anaangushwa kama gunia na anainuka bila kusema kitu. Mnamng’ang’ania wa nini?” Nilimjibu kwa maneno yangu mazuri ya kikocha. Nikamwambia kipaji kinataka subira, miguu yake imeanza kukaa sawa, mwakani tutavuna. Nilikuwa nimelisema neno “anakua” mara nyingi hata likaisha ladha kinywani. Arturo akavaa kofia yake, akaenda zake.

Halafu ikaja ile Ijumaa ya mwezi wa kumi. Mzee Leon Sulak ndiye anayetangaza kwenye vipaza sauti, na jioni ile ulimi wake ulisema, “Mpira kwa Dalton Krenek.” Nilingoja acheke, nilingoja ajisahihishe. Hakufanya hivyo. Na Emmett, pale katikati ya majani, akainua mkono taratibu kama mwanafunzi anayeitwa darasani. Rosalie alikuwa kwenye viti vya chuma vya mbele, mahali pake pa siku zote, na uso wake uliwaka. Tangu siku hiyo Leon hakumwita tena kwa jina lake. Watu wakazoea. Mimi pia nikazoea, ndiyo maana nakuandikia.

Jumapili moja baada ya kanisa nilikwenda shambani kwa kina Krenek. Nilikuwa nimejikaza nimwambie Emmett kwamba Nico ataanza mechi inayofuata. Alvin alinielekeza bwawa la ng’ombe, nikashuka kwa miguu. Nilimkuta Emmett mgongo kwangu, ameokota mawe, analenga kopo lililowekwa juu ya nguzo ng’ambo ya maji. Alirusha, kopo likalia. Akarusha tena, likalia. Halikuwa jambo la bahati. Mawe yalikuwa yakienda kama yamefungwa kamba. Na yote, Verna, alikuwa akiyarusha kwa mkono wa kushoto.

Aliponisikia aliyaachia mawe yote chini kama mwizi. Kitu cha kwanza alichosema ni, “Kocha, usimwambie Mama.” Tukakaa kwenye nyasi. Akanieleza bila kunitazama. Baada ya mazishi Rosalie alikuwa hali chakula. Daktari amekuja, padri amekuja, shangazi zake wamekuja na supu, wapi. Siku moja Emmett alikuwa uani anauchezea mpira wa kaka yake, akajaribu kuiga, vidole, kisigino, bega la kulia, na alipogeuka akamwona mama yake amesimama mlangoni. Jioni ile alikula sahani nzima ya viazi. Kesho yake akamwomba arushe tena.

“Akiniona hivyo, anakula,” akaniambia. “Siku nikiacha, haongei.”

Nikamwambia kwa huo mkono wa kushoto naweza kumfanya mrushaji wa kweli, ila tuanze upya kabisa. Akatikisa kichwa. Akasema, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, “Nikirusha kwa kushoto, Dalton atakuwa amekufa.” Kisha akanisimulia la pili. Akasema siku hizi akiwa uwanjani mkono wa kulia humtangulia. Vidole huenda mdomoni kabla hajaamua. Alikuwa akiusugua mkono ule alipokuwa akisema, kama una baridi.

Niliona siwezi kuondoka pale bila kuonana na mama yake. Rosalie alinimiminia kahawa, nami nikamweleza niliyoyaona bwawani, polepole, nikidhani nampasulia habari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Leland, unadhani sijui? Mimi ndiye niliyemzaa. Mimi ndiye niliyemshikisha kijiko.” Hakulia. Alikuwa akiipanguza meza ile ile safi kwa kitambaa. Akasema anajua anachomfanyia mtoto, kila Jumapili anatubu, na kila Ijumaa anarudi kwenye vile viti vya chuma. “Nipe Ijumaa moja tu,” akaniambia. “Moja. Kisha nitamwachia.” Sikujua ni yupi atakayemwachia, wala sikumwuliza.

Nilimpa.

Ijumaa ile ilinyesha, mvua nyembamba ya baridi, na majani ya uwanja yaling’aa chini ya taa. Emmett alicheza vibaya kama kawaida yake hadi mwishoni kabisa, tukiwa nyuma kidogo tu. Akapewa mpira. Akalamba vidole. Kisigino. Bega likashuka, na safari hii lilikaa chini kitambo, limetega sikio kweli. Mpira ulipoondoka nilijua umekwisha kufika. Ulipita juu ya mikono yote, ukaingia kifuani kwa kijana wetu aliyekuwa peke yake mwisho wa uwanja. Tulishinda. Watu waliruka uzio wakilia, na jina walilokuwa wakiliita halikuwa la Emmett. Butch alinikumbatia akipiga kelele, “Si nilikwambia? Si nilikwambia!” Rosalie alikuwa amepiga magoti kwenye tope.

Nilimtafuta mtoto nikamkuta chumba cha kubadilishia nguo, peke yake, bado na kofia ya chuma kichwani. Mkono wa kulia alikuwa ameuweka juu ya goti, anautazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa mgeni. “Kocha,” akasema, “ule sikuurusha mimi. Nilikuwa nimefumba macho.” Nikamwambia amechoka, avue nguo zenye maji. Akanishika koti. “Usinirudishe tena kule hivyo. Tafadhali.”

Jumatatu niliwaambia wafuasi wa timu kwamba Nico Rentería ndiye mrushaji wetu, na kwamba Emmett ataanza kujifunza kwa mkono wake mwenyewe, hata ikichukua mwaka. Ungedhani nimetukana msalaba. Walisema kila mtu alikuwa na shaka msimu mzima, sasa shaka imekwisha, ndiyo kwanza nalitupa jibu shimoni? Butch alisimama akapiga meza. “Umechanganyikiwa, Leland? Ijumaa tu kafufuka!” Neno lile lilipomtoka alilisikia mwenyewe. Akakaa, na hakuna aliyemaliza chakula chake. Lakini hakunisamehe, wala wao. Kinyozi hanijui. Dirisha la gari langu limevunjwa. Bodi ya shule itakaa mwezi wa kwanza kunijadili, na sina tumaini kubwa. Rosalie akiniona dukani hugeuza toroli lake.

Sasa nikwambie lile ambalo hata Marcy sijamwambia. Watu wachache wanaonitetea husema nilimpa mama aliyefiwa Ijumaa moja kwa huruma. Nami nilijiambia hivyo. Si kweli. Emmett yuko darasani kwangu, nimemwona akiandika kwa kushoto tangu siku ya kwanza, na kocha wa miaka yangu hahitaji kuambiwa maana yake. Sikuuliza kwa sababu sikutaka jibu. Yale yote niliyowaambia Arturo na wenzake juu ya kumkuza yule mtoto yalikuwa kelele tu za kujifunika. Kila jioni ya mazoezi nilisimama nyuma yake, kidogo upande wa kulia, mahali ambapo uso wake hauonekani, nikangoja bega lile lishuke. Rosalie alipoomba Ijumaa moja zaidi, moyo wangu uliruka kama wa mlevi aliyeambiwa baa bado iko wazi. Yeye alimwomba mwanawe. Mimi nilikuwa namwomba nani? Wewe unajua Marcy nami hatukujaliwa. Nilimpenda Dalton kuliko kocha anavyoruhusiwa, na kwa ajili hiyo nilimwacha mtoto aliye hai aangushwe kila wiki, avae nguo za marehemu na aitikie jina lake, mbele ya macho yangu.

Juzi tulimaliza msimu. Nico alicheza vizuri, mechi ilikwisha kuwa yetu, na nusu ya viti ilikuwa mitupu. Alvin alikuja bila mkewe. Zikiwa zimebaki dakika chache nilimwita Emmett nikamwambia aingie, arushe mara moja, apendavyo. Alisimama vibaya, miguu imepishana, akaurusha kwa kushoto mpira wa chini, wa haraka, uliopinda. Mwenzake alilazimika kujitupa kwa magoti kuudaka. Akaudaka. Watu kadhaa walipiga makofi ya adabu. Na Emmett akageuka upande wangu akacheka, kinywa wazi, kama mtoto yeyote aliyefanikiwa kitu kidogo. Nilimtazama nikitafuta, Verna, Mungu anisamehe, bado nilikuwa natafuta. Hapakuwa na mtu ninayemjua. Alikuwa kijana mwenye mwanya mpana katikati ya meno ya juu. Nimekuwa naye kila siku zaidi ya mwaka, na nilikuwa sijui kama ana mwanya.

Wino umekuwa mwingi, niishie hapa. Msalimie shemeji Harold, na watoto wote wanaokuja kwako Jumapili. Ukienda kanisani washa mshumaa kwa Rosalie, na mwingine kwa mtoto. Usinijibu upesi kunipoza, nijibu ukishalifikiri. Marcy anakubusu.

Ni mimi nduguyo mdogo,
Leland Orsak