Soketi za Nyumba ya Ahero

Mama,

Nimekusingizia ugonjwa. Acha nianze hapo hapo, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Unajua nyumba yako ya Ahero imekaa bure tangu tukuzike. Mimi niko Manyatta na cherehani yangu, na huko naenda tu kufagia uchafu wa popo na kufukuza mbuzi wa jirani. Nikasema niiuze. Kwa hilo usinikasirikie. Hiyo ni ploti ya mjini uliyonunua kwa jasho la kuuza mchele, si boma la baba, na wewe mwenyewe ulisema nikiona ni mzigo niutue. Kuuza si aibu. Aibu ni vile nilivyotaka kuuza.

Kabla mnunuzi hajaja, nilipaka rangi. Krimu, mara mbili. Ule mstari wa kahawia ambao mafuriko yaliacha ukutani, ule ambao wewe ulitukataza kuufuta, "Uacheni, ndio unanionyesha pa kuweka magunia," niliufunika wote, sebuleni mpaka chumbani kwako. Nikasimama nikautazama ukuta. Yawa, nilijiona mjanja!

Mnunuzi akaja na mtoto mgongoni. Anaitwa Akinyi, mwalimu, amehamishiwa huku majuzi, Ahero ya wakati wa mvua haijui. Alikuja na mkaguzi wa nyumba, Bwana Wekesa, amemlipa mwenyewe. Mimi nilidhani mkaguzi ni mtu wa kuzunguka mara moja, aseme sawa, tunywe chai. Kumbe! Yule bwana alipanda darini na tochi kutafuta mabati yanayovuja. Akafungua mifereji yote kwa pamoja aone kama maji yatapungua nguvu. Akagonga plasta kwa vidole, ameweka sikio ukutani, kama daktari na kifua cha mtoto. Akaweka pimamaji sakafuni. Akafunua shimo la choo akainama kabisa, mpaka nikamwonea huruma. Rangi yangu hata hakuisifu. Lakini kilikuwa kiangazi, ardhi imepasuka, na tope halikuwepo la kunisema.

Halafu akasimama katikati ya sebule, akanigeukia. "Mama, mbona soketi ziko juu hivi? Zote ziko usawa wa bega."

Soketi! Nilikuwa nimezizungushia rangi kwa brashi ndogo nisizichafue, na sikuona chochote. Mimi nimekua nikichomeka pasi huku nimeinua mkono, nilijua ndivyo nyumba zilivyo. Hapo ndipo nikakumbuka siku stima ilipoletwa, fundi anakucheka, "Mama, unawekea twiga?" nawe umebandika kiganja ukutani, juu ya ule mstari: "Weka hapa, bwana. Maji yakirudi yanikute nina akili."

Nikafungua mdomo, na hiki ndicho kilichotoka: "Marehemu mama alikuwa na mgongo mbaya. Hakuweza kuinama."

Akinyi akanishika mkono. "Pole sana, dada. Mgongo ukiharibika ni shida." Kisha hata akafurahi, eti soketi za juu ni nzuri, mtoto hatazifikia. Akamfungua mtoto, akatandika leso, akamlaza sakafuni chini ya dirisha lako. Akasema mchana atakuwa analala hapo, kuna ubaridi mzuri.

Mimi nimesimama na birika mkononi. Mgongo mbaya! Mgongo wako, Mama! Nilikuwa darasa la pili maji yalipoingia nyumba hiyo hiyo. Uliacha magunia yote ya mchele, biashara nzima, ukanibeba mpaka barabara kuu, maji yamekufika kifuani, na mimi nalilia viatu vyangu vya shule. "Nyathina, mwanangu, shika shingo. Usiangalie chini." Ulisema hivyo njia nzima mpaka sauti ikakauka. Na baadaye ukaanza biashara upya, ukabeba magunia mengine miaka yote hiyo, na sikukusikia hata siku moja ukisema unaumwa. Mimi ndiye niliyekupa ugonjwa, tena ukiwa kaburini. Naona haya hata kukuandikia.

Wakanywa chai, wakaaga. Nyumba ilikuwa imepita. Mkaguzi alilalamikia mabati na ufa mdogo wa jikoni, basi. Niliwaacha wafike geti, ndipo nikawakimbilia bila viatu, nikasema yote kwa pumzi moja: mama hakuwa na mgongo mbaya, hapa maji huingia, nimepaka rangi juu ya alama yake. Bwana Wekesa alikasirika. "Mama, ulitaka kuniharibia jina?" Akinyi hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliuliza tu, "Yalifika wapi?" Nikaweka mkono kifuani pangu. Akainama kidogo, akaikaza leso ya mtoto, wakaenda.

Hajapiga simu. Mimi sitampigia, nitamwambia nini?

Nimenunua msasa. Jumamosi naenda Ahero kuikwangua ile krimu mpaka mstari wako utokee wote. Atakayekuja kununua, hata asipouliza, nitaanza kumwonyesha hapo, dari na mifereji baadaye. Asipopatikana mtu, nitaendelea kufagia uchafu wa popo, si kitu.

Oriti, kwaheri Mama, lala vizuri. Nakuahidi sitakusemea uongo tena. Nikiulizwa kuhusu soketi nitasema aliyeziweka huko juu alikuwa na mgongo mzima, na mimi nilitoka humu ndani nikiwa juu yake.

Ni mimi mtoto wako,
Atieno