Chumba Changu Ndani ya Kioo

Mutinda mwanangu,

Hata sijui nianzie wapi.

Hatimaye nimeenda makumbusho Nairobi kuona vile vyumba vidogo ulivyochonga. Tangu tukuzike nimekuwa nikikataa, moyo haukubali. Lakini unanijua, nikiamua kwenda siendi kimya. Nilitangazia akina mama wote wa kanisa hapa Migwani, ati kazi ya mwanangu imewekwa ndani ya kioo, watu wa mbali wanainama kuiona! Tukaenda sita, mimi mbele na kitambaa kipya kichwani.

Wee, Mutinda! Lile duka la sokoni Kabati umelichonga mpaka na mizani. Jiko la nyanya yako, mafiga matatu, na chungu cha kutoshea kwa ukucha. Nikapiga kigelegele hadi askari akanikodolea macho.

Halafu nikafika kwa kile cha mwisho. Chumba changu cha kulala.

Tangu lini kwetu mwanaume mzima akaingia mahali mama yake analala? Si wewe ulikuwa unanisalimia ukiwa nje ya dirisha? Na kila kitu kiko hapo: leso yangu ya kijani, Biblia isiyo na jalada, ule ufa wa ukuta. Na wenzangu wanachungulia! Nikamwita msichana wa makumbusho akifunike haraka.

Ndipo Syombua, jirani yetu, tuliyekuja naye, akanivuta kando. Unajua nimemshukuru miaka yote kwa kuniuguza ile homa iliponiangusha nisijitambue. Akaniambia, "Mama Mutinda, mimi nilikuwa naacha uji mlangoni tu. Aliyekuosha na kukugeuza ni mwanao. Aliniapisha nisiseme, ati ukijua utakufa kwa aibu."

Nikarudi kwa kioo. Kando ya kitanda kuna beseni na kigoda. Hicho kigoda umekichonga kimechakaa katikati. Mwanangu, ulikaa hapo siku ngapi?

Na mimi nilipopona nilikukemea mbele ya watu, ati mtoto gani huyu, hata kunijulia hali hakuja. Ukaniuliza tu kama nimekula.

Nimemwambia yule msichana akiache wazi. Waangalie.

Pumzika, Mutinda. Jumapili wakiita ushuhuda nitasimama niseme kwa sauti ni nani aliyeniosha. Wa kucheka acheke. Migwani yote, nani mwingine amezaa mtoto kama wewe?

Mama yako.