Bugali wa Kiboko

Kasenga, Jumapili

Binti yangu Aline,

Huku tuko wazima, isipokuwa mvua inazuia samaki wetu wa ndagala kukauka. Kitabu ulichomtumia mwanao Ninahazwe kilifika na dereva wa Luvungi, kikinuka mazuti ya gari, lakini picha ziko nzuri.

Wanyama wanapika pamoja. Tembo anachota maji, mbuzi anasonga bugali, kiboko anapuliza moto. Kuku naye anamwaga mawese juu ya sombe, majani ya muhogo ambayo hayajatwangwa! Aliyechora hajawahi kuingia jikoni. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Shida iko ukurasa wa mwisho. Wote wanakula sahani moja, ila kiboko hayumo. Miye nikasema mchoraji amemsahau. Mtoto akanikatalia miye bibi yake: "Hapana, Tate, ameenda kutafuta kuni. Tumuwekee yake." Tangu hapo kila jioni anafunika tonge la bugali kwa bakuli, kama tunavyomfunikia mtu aliye safarini. Asubuhi anawatupia kuku. Sikumgombeza.

Jana nikakuta mabakuli mawili yamefunikwa. Nikauliza la pili ni la nani.

"La mama."

Aline, habari za ndoa yako ya huko Bukavu zimenifikia. Sikulaumu, na bwana huyo simjui. Lakini kiboko ni picha, hata asiporudi mtoto atamsahau. Weye si picha. Niambie kweli: nimwache aendelee kufunika bakuli la pili, au nilifiche?

Mama yako anayengoja jibu,
Bernardine