Paspoti ya Duha Ndani ya Leso

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Nabiha Faraj. Umri: miaka 52. Kazi: kuuza mahamri na mbaazi. Makazi: Ndia Kuu, Mji wa Kale, Mombasa. Tarehe: 10/9/2025, saa tano na robo asubuhi.

Basi Afande Musyoka, kabla hujaenda kupokea hiyo simu nilikuwa nimefika kwa Saadia, jirani yangu. Yeye ndiye mamake Duha, yule msichana aliyepata nafasi ya kwenda Korea kusomesha watoto Kiingereza. Mtaa mzima wajua, maana mimi ndiye niliyewaambia. Ndege yake ni kesho.

Mnamo tarehe 8, Jumatatu, mwendo wa saa nne asubuhi, Saadia alikuja jikoni kwangu na kifurushi kimefungwa kwa leso, mafundo matatu. Akasema, "Shoga, niwekee amana." Kwetu amana haiulizwi wala haifunguliwi. Nilidhani ni dhahabu. Nikaiweka chini ya nguo sandukuni, na wallahi sikumwambia mtu. Hata mimi nilijishangaa.

Siku hiyo hiyo saa nane, Kenga, fundi wa stima wa Makupa, alikuwa chumbani kwa Duha akitengeneza feni. Jana Duha apanga mizigo, paspoti haionekani. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Watu wakasema mgeni aliyeingia mle chumbani ni Kenga peke yake. Saa kumi na moja mkaja mkamchukua. Saadia alikuwa amesimama mlangoni akitazama.

Leo saa mbili nilikuwa Marikiti kununua nazi, nikakutana na Sidi, mkewe Kenga. Akaniambia, "Dada Nabiha, mume wangu aibe paspoti ende wapi? Malindi kwenyewe hajafika." Nikacheka, halafu nikaona analia. Nilirudi nyumbani bila nazi, nikaifungua amana ya watu. Ndani mna paspoti, hii hapa. Kusoma sikusoma sana, lakini picha ni ya Duha.

Saa tatu unusu nikaenda kwa Saadia. Nikamwambia, "Mwenzangu, Kenga yuko ndani."

Akasema, "Ndege ikishaondoka nitawaambia imeonekana. Watamtoa." Akanishika mkono. "Nabiha, miaka yote wasema kila kitu. Hili moja tu ninyamazie. Sina mtoto mwengine."

Nikamuuliza, "Na Sidi ana mume mwengine?"

Akauachia mkono wangu. Nikavaa buibui nikaja, mikono bado ina unga.

Saadia nampenda, andika hivyo. Nilipolazwa, yeye ndiye aliyeninyonyeshea mwanangu. Najua hatanisemesha tena, na jioni sijui nitakaa barazani na nani. Lakini hii siirudishi sandukuni. Kenga mfungulieni, na msichana mpeni paspoti yake aende akasomeshe. Niliyoyaona na kuyafanya ni hayo. Mengine ni ya mtaani, na hayo nayo ukitaka...

Huyo! Si Saadia huyo nje aniita? Naja, shoga! Afande, shika hii, usimpe mtu ila Duha mwenye...

(Dole gumba la shahidi)

Maelezo ya afisa: Shahidi alitoka kabla ya kusomewa. Alirudi saa sita kasorobo akiwa na Bi Saadia. Nimemsomea, amekubali, ametia dole gumba. Paspoti nimeipokea, mwenyewe ameitwa aje kuichukua. Kenga anaachiliwa. Bi Saadia amekaa na shahidi benchi moja. Ameomba karatasi aandikishe maelezo yake.

Koplo Musyoka